Msiba Ukikukuta Ugenini: Imani na Afya ya Akili kwa Aliye Mbali na Visiwani



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto au ndugu aliye bara. Wapo waliokwenda kufungua duka, wapo askari, maofisa wa uhamiaji, walimu na wanafunzi, na hawaishii Dar es Salaam tu. Wengine wanafika mpaka Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye njia inayoteremka Kyela na mpaka wa Malawi. Katika makala hii tunazungumzia jambo linalozisumbua familia hizo na ambalo husemwa kwa sauti ya chini: mzazi amefariki visiwani, amezikwa siku ile ile, na mtoto aliye huko hakuwahi. Wiki kadhaa baadaye watu wa nyumbani wanaona si yule waliyemzoea. Simu hapokei, usiku halali, duka halifungui, sala anaisali kwa kujikokota au ameiacha. Hapo nyumbani maneno huanza. Mmoja anasema imani ya kijana imepungua huko ugenini, mwengine anasema karogwa.

Je, imani inaweza kumsaidia mtu huyu, na kwa njia gani? Inaweza, tena sana. Lakini msaada wake hauji kwa kumlaumu. Unakuja kwa vitendo ambavyo dini imempa mfiwa avifanye, na kwa watu ambao dini imewaamrisha wawe naye. Na huzuni ikishageuka kuwa maradhi, imani huenda pamoja na hospitali, wala haikai mahali pa hospitali.

Umbali wenyewe

Asiyefika Tukuyu ni vizuri aelewe kijana wake anaishi wapi. Ni mji wa milimani, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Rungwe. Mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, ukungu huweza kukaa mchana kutwa, na mtu aliyezaliwa Wete au Makunduchi hushangaa baridi ya Juni na Julai inavyomlaza na mablanketi mawili. Ardhi ina rutuba: migomba, chai, maparachichi, viazi, ng'ombe wa maziwa. Wenyeji ni Wanyakyusa, na wengi wao ni Wakristo; Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, kabla mji wenyewe haujakua chini ya Wajerumani, ambao waliuita Neu Langenburg. Waislamu wapo na misikiti ipo, lakini si wengi. Kijana aliyekulia mahali ambapo adhana za misikiti mitatu zinapishana anaweza kupanga chumba ambapo haisikii hata moja.

Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi. Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya 800, safari ya basi ya siku nzima. Halafu boti mpaka Unguja, na kwa Mpemba ipo boti nyingine tena. Ndege zipo katika uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, kwa mwenye nauli na kwa siku yenye nafasi. Na sisi visiwani tunazika haraka, na ndivyo Sunna ilivyo. Aliyefariki alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri. Kwa hivyo kijana aliyepokea simu Tukuyu, hata akitoka saa ile ile, atafika udongo wa kaburi umeshakauka.

Tufikirie alichokikosa. Hakuosha, hakubeba jeneza, hakutia udongo kwa mkono wake, hakukaa barazani watu wakimpa mkono mmoja baada ya mwengine. Mambo haya wengi tunayaona ni wajibu kwa maiti basi. Ukweli ni kwamba yanamtengeneza na aliye hai. Mikono ikifanya kazi, moyo nao huanza kukubali kilichotokea. Aliyepata habari kwa simu akiwa peke yake chumbani hajapata kitu cha kuushika moyo.

Wenyeji wa Rungwe waliliona hili kwa njia yao. Godfrey Wilson na mkewe Monica, watafiti walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika sana juu ya misiba yao. Maandishi ya Godfrey juu ya mazishi yalitoka mwaka 1939, na kitabu cha Monica juu ya mila za ukoo kilitoka mwaka 1957. Wanaeleza kwamba Wanyakyusa wa wakati ule waliogopa mfiwa kupata wazimu asipofanyiwa mila za msiba. Waliulizwa kwa nini watu wanazungumza kwa sauti na hata kucheza ngoma mahali penye kilio, wakajibu kwamba wanawafariji wafiwa: wote wakikaa kimya na kununa, huzuni ya wenye msiba itazidi kipimo. Sisi hatusemi Muislamu afuate mila hizo. Ndani yake mna kuwaelekea wafu wa ukoo na kuwaomba, na hilo kwetu ni haramu bila ya mjadala. Tunazitaja kwa sababu watu hao, bila ya kusoma kitabu chetu wala cha daktari, walijua kwamba mfiwa aliyeachwa peke yake yuko hatarini.

Mpango wa msiba katika Uislamu

Uislamu haukumwambia mfiwa asihuzunike. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu, na Abdulrahman bin Auf (R.A.) alipostaajabu, akamfahamisha kwamba machozi ni rehma. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya kijahiliya, kuchana nguo, kujipiga mashavu na kusema maneno ya kumkasirisha Mola. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, kama tunavyosoma katika Suratu Yusuf, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba Nabii wa Mungu alikuwa na imani ndogo. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, na huko ndiko kuamini. Kwa hivyo anayemwambia kijana aliyefiwa kwamba mwanamme halii, au kwamba muumini hashikwi na huzuni, amesema jambo ambalo Mitume hawakulisema.

Kisha dini ikaweka watu. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamrisha ahli zake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Tuseme kweli, visiwani mara nyingi tumeligeuza: wafiwa ndio wanaopikia umma, na wengine wanaingia madeni kwa ajili ya hitima. Bibi Aisha (R.A.), wageni wa msiba wakiondoka na kubaki watu wa nyumbani, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, uji mwepesi wa unga wa shayiri, na akisimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Hadithi hii imo katika Bukhari. Angalia wakati wake: ni baada ya watu kuondoka, nyumba ilipokuwa kimya, na ndipo mfiwa anaposahau kula. Kule Rungwe shayiri si ya kila duka, lakini uji na maziwa havikosekani, na maana yake ni ile ile.

Dini pia iliweka muda. Asiyekuwa mjane anaomboleza siku tatu. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Baadhi ya watu huzifahamu vibaya siku tatu hizi, wakadhani siku ya nne moyo unatakiwa uwe umepona. Siku tatu ni za kuacha mapambo na shughuli. Moyo haukuwekewa tarehe. Mtume (S.A.W.) alimkumbuka Bibi Khadija (R.A.) kwa miaka mingi baada ya kufa kwake, na alipochinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama marafiki zake.

Kwa aliyekosa mazishi

Sasa tuje kwa kijana wetu. Kinachomla zaidi si kifo, kwani anajua kila nafsi itaonja. Kinachomla ni kwamba hakuwepo. "Lau ningeondoka wiki iliyopita", "lau ningepokea simu ile ya Ijumaa". Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na "lau" ya namna hii, kwamba inamfungulia shetani kazi yake. Lakini kumkataza mtu "lau" bila ya kumpa kitu cha kushika badala yake hakusaidii sana.

Kitu hicho kimo katika kisa cha Saad bin Ubada (R.A.). Mama yake alifariki yeye akiwa hayupo. Aliporudi alimwendea Mtume (S.A.W.), akamueleza kwamba mama yake amekufa naye hayupo, akauliza kama kumtolea sadaka kutamfaa. Akajibiwa kwamba kutamfaa. Saad akamshuhudisha Mtume kwamba bustani yake ni sadaka kwa ajili ya mama yake. Tunawaomba wazazi na masheikh wakisome kisa hiki kwa kijana aliye mbali kabla ya kumsomea chochote kingine. Swahaba mkubwa, kiongozi wa Ansari, alikosa kifo cha mama yake. Hakukemewa kwa kutokuwepo. Alipewa njia ya kumfanyia wema mama ambaye hatamuona tena duniani, na njia hiyo haifungwi na kilomita. Kijana wa Tukuyu anaweza kuchimbisha kisima Micheweni, kununulia misahafu chuo alichosoma, au kumlipia mzazi wake deni. Kulipa deni kunatangulia, maana ni haki ya watu. Na duwa ya mtoto mwema imetajwa kuwa miongoni mwa mambo yasiyokatika baada ya mtu kufa.

Yapo mengine mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza ni sala ya maiti aliye mbali, salatul ghaib. Mtume (S.A.W.) alimsalia Najashi akiwa Madina na maiti yuko Habasha, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, inajuzu kumsalia maiti aliye mji mwengine hata kama ameshasaliwa. Hanafi na Maliki hawaioni hivyo, na hatugombani nao. Kijana aende msikitini Tukuyu, amueleze imamu, wasimame naye wachache baada ya sala, takbira nne. Ikiwa hakuna wa kusimama naye, atasali peke yake. Tumeona sala hii ikimtua mtu mzigo aliokuwa nao kwa miezi.

La pili ni taazia. Wanazuoni wa Kishafi wamesema mkono wa taazia ni ndani ya siku tatu, na baada yake unachukiza kwa kuwa unaamsha huzuni iliyolala. Lakini wakabagua: ikiwa mfiwa au anayemhani alikuwa hayupo, unajuzu hata zikishapita, mpaka atakaporudi. Maana yake kijana anaposhuka bandarini baada ya mwezi mzima, ana haki ya kuhaniwa. Wenyeji wa nyumbani huwa wameshamaliza na wanaona tabu kuanza upya. Wasione tabu. Wakae naye barazani jioni moja, apelekwe kaburini asome na kuomba duwa, asimuliwe namna mzee wake alivyofariki na nani aliyemuosha.

Majirani wa Kinyakyusa

Tunaulizwa kama inafaa kupokea rambirambi za majirani wasiokuwa Waislamu, na kama inafaa kuwaendea wanapofiwa. Yote mawili yanafaa. Mtume (S.A.W.) alimtembelea kijana wa Kiyahudi alipougua, na alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Muislamu atatoa pole, atasaidia kazi, atachanga, na hatashiriki ibada yao. Kwa watu wa Rungwe msiba ni wa mtaa mzima, na asiyefika hukumbukwa kwa muda mrefu. Kuhusu chakula, mara nyingi katika shughuli za bara huitwa Muislamu achinje ili kila mtu ale. Ukiwa na shaka, kula ndizi na maharage.

Tunalitaja hili hapa kwa sababu linahusu afya ya akili moja kwa moja. Kijana aliyejitenga na majirani kwa kudhani ndiyo dini atajikuta hana mtu siku yake ya msiba. Jirani aliyekuja na kuni na mkungu wa ndizi, akakaa naye saa mbili bila ya kusema mengi, amefanya kazi ambayo sisi wa visiwani hatukuweza kuifanya kwa simu.

Huzuni inapokuwa maradhi

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka kama mawimbi, na mtu katikati yake bado hula, hucheka kidogo, hufungua duka. Maradhi ni kitu chengine. Mtu akipitisha wiki halali wala hali, hawezi kazi yoyote, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anajiona hana thamani, au anasema afadhali naye afe, hapo familia isingoje. Shirika la Afya Duniani limeweka jina la maradhi kwa huzuni kali ya kufiwa inayoendelea kumlemaza mtu zaidi ya miezi 6. Lakini mwenye dalili tulizozitaja hasubirishwi miezi sita.

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akatenganisha huzuni ambayo mtu anaijua sababu yake na ile inayomshika bila ya sababu anayoijua, ambayo aliiona inatoka mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Mji wa Damascus ulikuwa na hospitali ya Nuruddin tangu mwaka 1154, na Cairo ikapata ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walitibiwa humo pamoja na wagonjwa wengine. Kutafuta dawa kumeamrishwa, na Hadithi haikubagua maradhi ya tumbo na ya akili. Vidonge alivyoandika daktari vinajuzu na si dalili ya udhaifu wa tawakkul. Pombe ndiyo isiyojuzu, na kule kwenye baridi wapo watakaomwambia ndiyo dawa ya mawazo.

Aliye Tukuyu aanzie hospitali ya wilaya, Makandana, na ikihitajika atapewa rufaa kwenda hospitali ya kanda Mbeya mjini. Akirudishwa nyumbani ipo Kidongo Chekundu, Unguja. Tunajua jina hilo linavyotumika mitaani kumtania mtu, na tunadhani mzaha huo umewachelewesha wagonjwa wengi.

Kuhusu kusomewa: ruqya kwa Fatiha, Ayatul Kursi na sura mbili za kinga ni Sunna, na mgonjwa anaweza kujisomea mwenyewe au kusomewa na mama yake. Haipingani na dawa. Lakini anayempiga mgonjwa, anayemfunga kamba, anayemfukiza mpaka akakosa pumzi, anayemzuia asinywe dawa, au anayetaka kukaa faraghani na binti wa watu, huyo mtoweni mgonjwa mikononi mwake leo, hata kama kilemba chake ni kikubwa.

Na aliyesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shamba ziondolewe karibu naye, aulizwe wazi wazi na kwa upole, na afikishwe hospitali. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Kujiua ni haramu kubwa, na kila Muislamu analijua. Ila anayekaribia huko kwa maradhi anahitaji mtu wa kumshika mkono zaidi ya anavyohitaji hotuba.

Familia iliyopo nyumbani

Baada ya Jaafar kuuawa, Mtume (S.A.W.) aliwaacha watoto wake siku tatu, kisha akaenda mwenyewe, akaitisha waletwe, akamwita kinyozi awanyoe. Mmoja wa watoto hao, Abdullah, ndiye aliyesimulia, akisema walikuwa kama vifaranga. Kwa familia yenye kijana Tukuyu hii ina maana kwamba mtu aende. Ami yake au kaka yake apande basi, akae wiki moja, amsafishie chumba, ampeleke kunyoa, wafungue duka pamoja, wasali jamaa wawili asubuhi. Nauli ya safari hiyo ni bora kuliko ng'ombe wa hitima. Asiyeweza kwenda apige simu kila siku kwa saa ile ile, na asianze na "umesali?". Aanze na "umekula nini?".

Sala atairudia akianza kupata nguvu, na ndiyo itakayompangia siku yake iliyovurugika: kuamka alfajiri, kutoka nje kwenda msikitini, kuonana na watu, kulala baada ya isha. Aanze na faradhi peke yake, nyeradi na sunna zitakuja. Mgonjwa anayetumia dawa na Ramadhani imeingia asikate dawa wala asibadilishe nyakati zake kabla ya kumuuliza daktari. Zipo dawa ambazo ni hatari kwa mtu asiyekunywa maji mchana kutwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula.

Limebaki suala la sala zilizompita. Ikiwa akili ilimwondoka kabisa, hakujua alipo wala anasema nini, kalamu imeinuliwa kwake na hana kadha ya sala za muda huo. Ikiwa akili alikuwa nayo ila huzuni ilimlemea, atazilipa, kidogo kidogo kila siku kwa kadiri ya uwezo wake, wala asikabidhiwe hesabu yote siku ya kwanza anapoinuka kitandani. Wallahu aalam.